Kadhi Alibaki Baghdad

Azam FC inapocheza nyumbani Chamazi, kusini mwa Temeke, watangazaji wana jina lao la kuiita. Simba ni Mnyama, Yanga ni Wanajangwani, na Azam ni Wanalambalamba. Klabu hiyo iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa mwaka 2004 ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, kisha ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kufungwa mchezo hata mmoja. Pamoja na heshima yote hiyo, jina lake la utani limetoka kwenye lambalamba, barafu ya kijiti ya kampuni hiyo hiyo. Magazeti mengine huandika Wanarambaramba, nayo hayajakosea, kwa kuwa wapo wanaolamba na wapo wanaoramba.

Kwenye bustani kubwa za michezo za ng'ambo, safari ya jina huenda kinyume na hapo. Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, inauza aiskrimu yenye kichwa na masikio ya Mickey, panya aliyekuwa maarufu kwenye sinema tangu mwaka 1928. Sura ilitangulia, utamu ukafuata. Jina la panya ndilo lililo juu ya karatasi, na mtoto huanza kwa kung'ata sikio. Nani anauliza kilichomo ndani?

Dar es Salaam mdomo ndio uliotoa jina. Lambalamba ni kitenzi kilichorudiwa, kama chekacheka au sogeasogea: tendo la pole pole lisilo na haraka ya kuisha. Ukilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, tayari umeshaelekezwa namna ya kukila chenyewe. Marekani nako watoto waliwahi kushinda kwenye jambo kama hili. Frank Epperson, aliyepata hataza ya barafu yake ya kijiti mwaka 1924, alikuwa ameiita Epsicle kwa kufuata jina la ukoo wake. Inasimuliwa kwamba wanawe waliiita kwa namna walivyomwita baba yao, Pop, na likatokea Popsicle. Jina la ukoo likafutika, la nyumbani likabaki.

Huku kwetu lambalamba ilipita mitaani ikibebwa na baiskeli zenye sanduku mbele na muziki mdogo ambao watoto wa Mbagala, Tandika na Manzese huusikia kabla mzazi hajausikia. Said Salim Bakhresa mwenyewe, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1949, aliacha shule akiwa na miaka 14 na kuanza kwa kuuza mchanganyiko wa viazi. Miaka ya 1970 akawa na mgahawa. Jina Azam ni la Kiarabu, lenye maana ya kilicho kikuu kuliko vingine. Hata hivyo, mtaani ukuu huo ulipitwa na kitenzi cha Kiswahili, na kitenzi hicho ndicho kilichopewa timu.

Kabla ya kiwanda, na hadi leo pembeni yake, ipo barafu ya kifuko, inayogandishwa kwenye friji ya nyumbani na kuuzwa mlangoni. Hii haina jina la kubuni kabisa. Ni barafu ya ubuyu, barafu ya ukwaju, barafu ya maziwa. Jina lake ndiyo orodha ya vilivyomo, na mtoto anayeng'ata kona ya kifuko hajadanganywa na mtu.

Mfano mzuri kuliko yote unakaangwa Magomeni na Temeke jioni za Ramadhani. Kaimati ni vidonge vya unga uliochachuka, hudondoshwa mafutani kwa mkono vikawa mviringo, kisha huviringishwa kwenye shira. Omani na nchi nyingine za Ghuba vinaitwa luqaimat, yaani vitonge. Ndugu yake wa zamani yumo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, na humo anaitwa luqam al-qadi: matonge ya kadhi. Kumbe kitafunwa hiki kiliwahi kuwa na mhusika wake, mtu mzima mwenye kilemba na hukumu zake! Lakini katika jina lililofika mwambao wetu kadhi hayumo. Limebaki tonge peke yake, lililokatwakatwa na ndimi za Waswahili hadi likawa kaimati. Ni ushahidi wa miaka karibu 800 kwamba cheo kinaweza kuanguka njiani, na chakula kikafika salama.

Ufundi huo wa kutaja haujafa. Chipsi zikimwagiwa mayai kikaangoni, kijana wa kibandani Sinza huziita zege, kwa sababu yai linashika viazi kama saruji inavyoshika kokoto. Ni jina la watu wanaoishi pembezoni mwa jiji, ambako kila mtaa una nyumba inayopanda tofali kwa tofali na kila mpita njia amewahi kuona zege likikorogwa. Muhogo wa kukaanga nao ukaitwa chipsi dume. Mihogo ya Coco, ya ufukweni Kinondoni, ikachukua jina la mahali, na anayeitaja hahitaji kuongeza neno pilipili.

Sura nazo zimekuja sasa, hasa kwenye keki za siku ya kuzaliwa. Mama anayeoka nyumbani Kimara au Mbagala huletewa picha kwenye simu: Spiderman, au binti wa theluji wa katuni za Disney. Anaiweza kazi hiyo, na sukari yake husimama vizuri. Lakini inauma kidogo kuona orodha hiyo imejaa wageni, wakati kampuni ya Ubongo, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 2013, ina Akili wake, msichana mdogo wa katuni anayezungumza Kiswahili na kujulikana na watoto wengi wa Afrika. Akili anastahili keki yake, na anastahili kuagizwa kwa jina.

Lebo ni suala jingine. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na mjasiriamali anayefungasha ubuyu mwekundu hutakiwa kuandika jina la bidhaa, vilivyomo, mzalishaji na tarehe. Ni jambo jema, kwa sababu mlaji ana haki ya kujua rangi ile imetoka wapi. Kinachosikitisha ni pale mtu anapofika kwenye nafasi ya jina na kuacha neno ubuyu, akaweka la Kiingereza ili pakiti ipendeze dukani. Neno lenyewe lina nguvu kiasi kwamba mjini limekuwa hata jina la umbea: mtu akisema ana ubuyu, wenzake husogeza viti.

Kila Julai watoto wa Temeke huvuka Barabara ya Kilwa kwenda Sabasaba, kwenye maonyesho ya biashara yaliyofikia awamu ya 49 mwaka 2025, katika viwanja vinavyobeba tarehe ya kuzaliwa kwa TANU, 7 Julai 1954. Ndani kuna bembea, maputo yenye nyuso za katuni, na foleni ndefu penye kivuli. Mtoto akifika mbele ya sanduku la barafu, muuzaji humuuliza swali moja tu, na jibu lake huwa tunda: ukwaju.