Divai ya Altare na Pombe ya Ndizi katika Nchi ya Butembo na Beni

Majina ya vinywaji vya kulevya katika Kiswahili hayakuingia kwa njia moja. Mvinyo limetokana na Kireno vinho, na divai limetokana na Kifaransa du vin. Hata zabibu, jina la tunda lenyewe, ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni tunda lililokaushwa. Yamkini Waswahili walilijua tunda hilo kama bidhaa ya jahazi kabla ya kuliona mtini.

Katika Kivu ya Kaskazini neno divai linafungamana na Misa. Mapadri Waasumpsionisti walifika Kongo mwaka 1929, wakakabidhiwa eneo la Beni. Mwaka 1959 Beni ikawa dayosisi, na mwaka 1967 ikaitwa Butembo-Beni. Hata hivyo, milima hiyo haikuwa nchi ya mizabibu. Butembo na Beni ziko karibu sana na Ikweta, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mzabibu huhitaji msimu wa kupumzika, nao unyevunyevu huuletea maradhi ya ukungu. Kwa hiyo divai ya altare ilibidi iagizwe kutoka mbali.

Kinywaji cha nyumbani kilikuwa pombe ya ndizi, ijulikanayo Kivu kwa jina la kasiksi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa majani, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke. Ni zao la shamba la familia, na hunywewa penye arusi, mapatano na kazi za ujima.

Hapo ndipo penye mgogoro. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, na ile ya mwaka 1983 iliyoifuata, zinadai divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu. Kwa hiyo mkulima wa Butembo aliweza kupeleka ndizi zake kanisani kama sadaka, lakini kinywaji cha ndizi hizo hakikuweza kuwekwa wakfu. Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, alihoji kwa nini Waafrika waadhimishe Ekaristi kwa mazao ya nchi nyingine. Waliopinga walijibu kwamba alama aliyoitumia Kristo haibadilishwi kwa kufuata mahali. Roma ilipoidhinisha mwaka 1988 Misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ngoma, ucheza na ukumbusho wa wahenga vilipata nafasi. Mkate wa ngano na divai ya zabibu havikuguswa.

Mfano wa Dodoma unafaa kulinganishwa. Huko, katika miaka ya 1950, wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu, nayo ikastawi kwa sababu ya kiangazi kirefu. Leo familia nyingi za Wagogo huishi kwa zao hilo. Kilichowatenga wakulima wa Butembo na altare, basi, kilikuwa mvua, wala si upungufu wa imani au wa ustadi.

Lugha, kwa upande wake, imekuwa karimu kuliko sheria. Afrika Mashariki watu husema mvinyo wa ndizi pasipo kuona kinzano lolote. Lakini divai, katika masikio ya waumini wengi, bado ni ile ya kikombe cha padri.