Kamiokande

Kamiokande kilikuwa kigunduzi cha chembe kilichojengwa katika mgodi wa Kamioka, Japani, mita 1,000 chini ya ardhi. Kilianza kazi mwaka 1983. Tangi lake lilibeba tani 3,000 za maji safi mno, likizungukwa na vihisi vya mwanga vipatavyo 1,000. Mwamba wa juu ulizuia miale mingi ya anga, ila chembe ziitwazo nyutrino hupenya karibu kila kitu. Kwa nadra, moja hugonga chembe majini; elektroni au positroni inayotoka huipita kasi nuru ndani ya maji, na kuacha duara hafifu la mwanga wa buluu.

Kilikusudiwa kuchunguza kuoza kwa protoni, jambo ambalo hakikuliona kamwe. Badala yake, tarehe 23 Februari 1987, kilinasa nyutrino 11 katika sekunde 13 hivi, kutoka supanova SN 1987A, mlipuko wa nyota iliyoporomoka, umbali wa miaka nuru 160,000 hivi. Kumi na moja tu! Hata hivyo zilithibitisha kwamba nyota inapoporomoka, sehemu kubwa kabisa ya nishati yake huchukuliwa na nyutrino. Kwa kazi hiyo, Masatoshi Koshiba, kiongozi wa jaribio hilo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mrithi wa Kamiokande, Super-Kamiokande wa tani 50,000, alianza kazi mwaka 1996.