Muungwana na Huru

Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtu aliyezaliwa bila kumilikiwa aliitwa muungwana. Aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa aliitwa huru, neno lenye asili ya Kiarabu, na sifa hiyo haikuwa ya kujivunia sana: ilitangaza kwamba jana alikuwa mali ya mtu. Bwana alimwacha huru mtumwa wake kwa kutafuta thawabu, kwa kulipa kafara, au kwa wasia. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto hakuhitaji hisani hiyo. Sheria ya Kiislamu ilimtoa utumwani bwana alipofariki, na mtoto mwenyewe alihesabiwa muungwana.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo, licha ya sifa zake, haikumfungua mtu papo hapo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba, bwana akalipwa fidia, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Wengi hawakwenda kabisa. Walipatana na mabwana zao juu ya kiwanja cha kulima na siku za kazi.

Miaka ya 1950 uhuru, neno lililotokana na huru, likawa neno la mikutano ya TANU, chama kilichodai kujitawala kwa Tanganyika, na aliyedai kuachiwa sasa ni nchi nzima. Doa la zamani likasahaulika. Muungwana nalo likabaki kumtaja mtu mwenye adabu, awe amezaliwa na nani.