Papaini: faida na tahadhari za utomvu wa papai

PAPAI bichi ni mwenzi wa siku nyingi wa mishikaki. Wapishi wa Pwani, wakiwamo wa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, hulisaga na kulipaka kwenye nyama ngumu ili ilainike kabla ya kuchomwa. Kinachofanya kazi hiyo ni papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu mweupe wa papai, ambacho huvunjavunja protini. Mkemia wa Kifaransa, Adolphe Wurtz, ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1879.

Kwa uwezo huo, papaini hutengenezewa vidonge vya kusaidia usagaji wa chakula. Hata hivyo, ushahidi kwamba vinatibu ugonjwa wa tumbo ni mdogo, na mtu mwenye afya njema ana vimeng'enya vyake mwilini. Maumivu yasiyokoma huweza kuwa dalili ya vidonda vya tumbo, hivyo mgonjwa apimwe hospitalini.

Papai limetumika pia kutibu majeraha. Mwaka 1999 iliripotiwa kuwa hospitali moja ya Banjul, Gambia, ilitumia papai lililopondwa kusafisha majeraha ya moto ya watoto. Lakini kinacholainisha nyama ya buchani kinaweza kudhuru pia mwili wa binadamu. Mwezi Septemba 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kupaka zenye papaini zisizoidhinishwa ziondolewe sokoni, baada ya baadhi ya wagonjwa kupata mzio mkali na kushuka kwa shinikizo la damu.

Wenye mzio wa mpira, kama ule wa glavu, na wanaotumia warfarini wasitumie papaini bila ushauri wa daktari. Wajawazito nao waepuke papai bichi: utafiti wa Singapore wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa utomvu wake hukaza misuli ya kizazi cha panya.

Anayenunua vidonge au unga wa papai Kariakoo ahakikishe bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) au, ikiwa ni ya asili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Papai lililoiva halina hofu hiyo kwa walio wengi. Utomvu wake hupungua kadiri linavyoiva, nalo hubaki tunda lenye vitamini A na C kwa wingi.