Mvinyo Mkavu wa Bonde la Ahr

Mto Ahr, magharibi mwa Ujerumani, ni mfupi, takriban kilomita 85. Kabla ya kumwaga maji yake katika mto Rhine, hupita kwenye bonde jembamba lenye miteremko ya mawe meusi ya sleti. Mizabibu imepandwa kwenye matuta juu ya miteremko hiyo, na sehemu nyingi ni kali mno kwa trekta, kwa hiyo kazi ni ya mkono na mgongo. Mawe hunywa jua mchana kutwa, na usiku yakalitoa lile joto polepole. Ndiyo maana Spätburgunder, zabibu nyekundu yenye ganda jembamba, huiva vizuri hata huko kaskazini.

Mwaka 1868 wakulima wa Mayschoß waliunda ushirika wao, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya wakulima wa mvinyo duniani. Umaskini ndio uliowasukuma.

Jirani, katika kijiji cha Dernau, koo mbili ziliungana kwa ndoa miaka ya 1950, Meyer na Näkel, na shamba likabeba majina yote mawili. Mtoto wa ndoa hiyo, Werner Näkel, alikuwa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaacha chaki, akashika shamba. Wakati huo mvinyo mwekundu wa Ahr ulikuwa mwepesi na mtamu, kinywaji cha watalii, na utamu ule ulifunika mengi. Näkel akaelekeza macho Burgundy, Ufaransa. Akauacha mvinyo uchache hadi sukari ikaribie kwisha, kisha ukalazwa kwenye mapipa madogo ya mwaloni. Sheria huruhusu mvinyo uitwe mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. Bila utamu wa kuuficha, zabibu mbovu hujulikana kwenye funda la kwanza. Kwangu mimi huo ulikuwa ujasiri mkubwa, maana wateja walishazoea utamu.

Binti zake, Meike na Dörte, walisomea kazi hiyo, wakairithi.

Usiku wa Julai 14, 2021, mto ulifurika. Bonde lilishawahi kuzama mwaka 1804 na 1910, lakini safari hii watu zaidi ya 130 walikufa. Dada hao wawili walikuwa wakijaribu kuokoa kiwanda. Maji yakawazoa, wakang'ang'ania mti kwa saa nyingi hadi walipookolewa. Mapipa yao yalikwenda na maji.

Mizabibu mingi, kwa kuwa iko juu, ilisalimika. Wakulima wa mikoa mingine wakaja kusaidia, na mavuno ya mwaka ule yakavunwa. Chupa zilizofukuliwa kwenye matope ziliuzwa zikiwa na tope lake, bila kuoshwa, na fedha zilizochangwa kwa njia hiyo zilipita euro milioni 4 kwa ajili ya kulijenga upya bonde.