Diski ya kuwashia

Diski ya kuwashia ni diski ambayo kompyuta huisoma kila inapowashwa ili kupata mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na diski ngumu, yenye sahani za sumaku zinazozunguka. Siku hizi mara nyingi hufanywa na SSD, yaani hifadhi inayotunza data katika chipu bila kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Kubadilisha diski ngumu kwa SSD ni njia nafuu ya kuirudishia kasi kompyuta ya zamani. Kuifunga ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kinachowashinda wengi ni kuifanya iwashe kompyuta.

Jinsi kompyuta inavyoitafuta

Kwenye bodi mama kuna chipu yenye programu ndogo inayoanza kazi kabla diski yoyote haijasomwa. Katika kompyuta za zamani programu hiyo ni BIOS, katika mpya ni UEFI, na hizi mbili hazitafuti kitu kimoja. BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kuendesha kipande cha programu kilichomo. Sekta hiyo huitwa MBR. Ndiyo pia inayobeba orodha ya sehemu za diski: sehemu kuu zisizozidi nne, na kwa kawaida haihesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. UEFI hutafuta sehemu ndogo maalumu yenye mpangilio wa FAT32, na humo hufungua faili la kuwashia. Orodha yake ya sehemu kwa kawaida ni ya aina ya GPT, isiyo na vikwazo hivyo.

Kwa hiyo diski haiwi ya kuwashia kwa sababu tu ina folda ya Windows. Mtu akiburuta mafaili yote ya diski C hadi kwenye SSD, atakuwa na nakala ya mafaili, lakini kompyuta haitawaka kutoka humo. Sehemu ya kuwashia huwa imefichwa, na haikunakiliwa.

Kuchagua SSD

SSD ya SATA ya inchi 2.5 huingia mahali pa diski ngumu ya kompyuta ya mkononi, na husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Aina nyingine ni kibao chembamba cha M.2, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hapa pana mtego: M.2 ni jina la umbo tu. Kibao kinaweza kutumia SATA au NVMe, na tundu la kompyuta huenda likakubali aina moja tu. Tena BIOS nyingi za zamani haziwezi kuwasha kompyuta kutoka NVMe, hata kama Windows ikishawaka inaiona.

Kwa kompyuta kuukuu, SATA inatosha. Diski ngumu huhitaji takriban milisekunde 10 kufikia mahali data ilipo. SSD huhitaji sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Kuwaka kwa kompyuta ni kusoma maelfu ya mafaili madogo, na hapo ndipo tofauti huonekana.

Kunakili au kusakinisha upya

Programu ya kunakili diski huhamisha sehemu zote, pamoja na zilizofichwa, mradi data iliyopo itoshe kwenye SSD. Kabla ya kuanza, mafaili muhimu yawekwe pia mahali pa tatu. Hakikisha ipi ni diski ya kunakiliwa na ipi ni ya kupokea, kwa kutazama ukubwa na namba ya modeli: ukizigeuza, diski tupu hufuta iliyojaa. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, andika kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kompyuta ya mkononi iwe na chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kazi nakala haifai.

Anayesakinisha upya kwa flashi afadhali aichomoe kwanza diski ya zamani. Zikiwepo zote mbili, Windows huweza kuwekwa kwenye SSD huku mafaili ya kuwashia yakiandikwa katika sehemu iliyokuwapo tayari kwenye diski ya zamani. Kila kitu huenda vizuri mpaka siku diski hiyo inapouzwa au kufa.

Isipowaka

Ingia katika mipangilio ya UEFI au BIOS (mara nyingi kwa kitufe cha F2 au Delete) na uiweke SSD mbele katika foleni. Ikiwa diski iliyonakiliwa ni ya MBR na kompyuta imewekwa kuwasha kwa UEFI pekee, haitawaka. Windows 10, tangu toleo la mwaka 2017, ina programu ya MBR2GPT ya kuibadilisha bila kufuta data. Mara ya kwanza washa SSD ikiwa peke yake, kwa kuwa nakala kamili hubeba utambulisho uleule, na Linux huweza kufungua diski ya zamani ikidhani ni mpya.

Diski ya zamani isifutwe kwa wiki kadhaa. Faili lililofutwa kwenye diski ngumu mara nyingi huweza kuokolewa na fundi. Kwenye SSD, amri iitwayo TRIM huijulisha diski nafasi zilizoachwa wazi, nayo huzisafisha, na kwa kawaida hakuna cha kuokoa.