Mji wa Kutupa Uchawi na TV ya Chogo Isiyotupika

Haya wadau, leo tuziache kidogo stori za boom na foleni ya kantini, niwapeleke Ufipa. Jina la Sumbawanga wengi mnalijua linavyosimuliwa: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani ukifika pale, tupa uchawi wako. Watu wanacheka, yanaisha. Mimi nikabaki na swali: je, vitu vilivyochoka vilitupwa wapi? Jibu fupi ni kwamba vingi havikutupwa kabisa.

Tuanze na chuma. Kabla ya ukoloni Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo zenye urefu wa kama mita 3, ziitwazo malungu (moja ni ilungu). Hazikuhitaji mivukuto, hewa iliingia yenyewe kwenye matundu ya chini. Kilichotoka humo kilikuwa bado na taka nyingi, kwa hiyo kikasafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo sasa mivukuto ikapigwa kweli kweli. Prof. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, ameandika sana kuhusu mabaki haya.

Sasa fikiria jembe moja limekula mkaa kiasi gani na jasho la watu wangapi. Nani angelitupa? Likilika, linarudi kwa mhunzi, linatoka kisu au shoka dogo.

Ukoloni ukaleta majembe ya viwandani ya bei rahisi, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yakazimika taratibu. Ila mhunzi hakufa! Aliacha mawe akashika vyuma chakavu: springi ya gari inakuwa panga, bati linakuwa koroboi. Kwa maneno mengine, riseiklingi tunayofundishwa kwenye semina ilikuwa ajira pale kwetu.

Halafu vikaja vitu vya umeme. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar cha redio na betri za National. Vijijini betri ikichoka inaanikwa juani ipate nguvu kidogo. Ikifa kabisa inapasuliwa, ule unga mweusi unapakwa ubao wa shule. Ubunifu mzuri, lakini unga ule una manganisi, na waliopaka kwa mikono ni watoto. Fundi redio naye akawa mhunzi mpya: redio tatu mbovu zinazaa moja nzima.

TV zilichelewa. Bara zilianza 1994, na Sumbawanga kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa kununua Zambia. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoani. Watu walidhani TV za chogo ndiyo basi, kumbe ving'amuzi vikaziokoa. Kilichoziua ni flati za bei nafuu. Umeme wa REA na lami ya kutoka Tunduma vikarahisisha vitu vipya kupanda Ufipa. Vya zamani navyo vikabaki juu ya kabati, stoo, nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo hesabu ya mababu inapogoma. Jembe ni chuma tupu, TV ya chogo ni mchanganyiko. Kioo chake kina risasi, pengine kilo nzima au zaidi. Mnunuzi wa skrepa anachukua shaba na chuma kwa sababu vinalipa, kioo anakiacha. Waya zinachomwa moto ili shaba itoke, na moshi wanavuta waliosimama pale. Betri za sola zikifa zina risasi pia. Na sisi Wafipa tuna desturi ya kufukia! Matuta yetu ya intumba yanafukia majani yaoze, yalishe udongo. Majani yanaoza, wadau, risasi haiozi. Inakaa humo humo tunamolima mahindi na maharage.

Sheria tunazo. Mkataba wa Bamako wa 1991 ulipiga marufuku kuingiza taka hatari Afrika, Sheria ya Mazingira ikaja 2004, na kanuni za taka za umeme na elektroniki zikatoka 2021. Lakini mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na Afrika chini ya asilimia 1 ndiyo iliyokusanywa kwa utaratibu rasmi. Na kutoka Sumbawanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Nani atalipa nauli ya kioo kisichouzika?

Maoni yangu: historia inatuonyesha mfumo ule ulifanya kazi kwa sababu kila kitu kilikuwa na mtu wa kukipokea, na mtu huyo alipata riziki. Leo mtu huyo ni fundi wa mtaani. Halmashauri ianze naye. Imlipe kidogo kwa kila chogo na kila betri atakayopokea bila kuvunja, vikusanywe mpaka vitoshe lori. Kumwambia mwananchi "usitupe hovyo" bila kumwonyesha pa kupeleka ni maneno matupu.

Haya, ngoja nikawahi lekcha. Mkienda likizo, chunguleni juu ya kabati la bibi.